Wauguzi wapya wanakwama kwenye uzoefu, si kwenye shahada

Ndugu Mhariri,

Kila msimu wa mahafali ukifika, wazazi na wahitimu huniuliza swali lilelile: kati ya stashahada na shahada ya uuguzi, ni ipi inayopata kazi upesi? Mimi ni muuguzi kiongozi wa wodi, na nimeshakaa kwenye usaili mara nyingi upande wa wanaouliza maswali. Jibu langu haliwafurahishi wa stashahada wala wa shahada. Mwanzoni wote hukwama mahali pamoja, kwenye ule mstari wa tangazo unaosema "awe na uzoefu wa miaka miwili".

Uzoefu huo atautoa wapi mtu aliyepata leseni mwezi uliopita?

Tunaambiwa dunia ina uhaba wa wauguzi, na ni kweli. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 inasema pengo lilikuwa wauguzi milioni 5.8 mwaka 2023. Lakini uhaba hupimwa kwa mahitaji ya wagonjwa, ilhali ajira hutolewa kwa bajeti. Wodi inaweza kujaa, zamu ya usiku ikabaki na muuguzi mmoja, na bado hospitali isiajiri kwa kuwa ikama, yaani idadi ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, haijaongezwa. Ikibahatika kupata nafasi moja, inamtaka muuguzi aliyekwisha kuiva, kwa sababu waliopo wamezidiwa na hakuna mwenye muda wa kumshika mkono mgeni. Ndiyo maana kijana anasikia habari za uhaba redioni huku bahasha yake ya vyeti ikichakaa.

Kuhusu viwango vya elimu, tuwaambie ukweli wote. Kwa kazi ya kuhudumia wagonjwa wodini, mahali pengi leseni ndiyo inayotangulia. Nchini Marekani, aliyesoma miaka miwili na aliyesoma minne hufanya mtihani mmoja wa leseni, NCLEX-RN, na wakifaulu wote wanasajiliwa kwa daraja moja. Tofauti huja pale mwajiri anapochagua: hospitali kubwa, hasa za kufundishia, hupendelea wenye shahada, na baadaye shahada hiyo ndiyo huamua nani atapanda kwenye uongozi, ualimu au afya ya jamii. Wengine wamekwenda mbali zaidi. Uingereza, tangu mwaka 2013, anayeanza masomo ya kuwa muuguzi husomea shahada. Anayenitia wasiwasi kuliko wote ni yule anayeunganisha moja kwa moja hadi uzamili bila kufanya kazi wodini. Kazi za kawaida anaambiwa elimu yake imezidi, na za kibingwa anaambiwa mikono yake bado. Huyo namshauri aajiriwe kwanza.

Sisemi shahada haina maana. Utafiti ulioongozwa na mtafiti wa uuguzi Linda Aiken katika nchi tisa za Ulaya, uliochapishwa mwaka 2014 kwenye jarida la tiba la The Lancet, ulichunguza wagonjwa waliofanyiwa upasuaji. Ulionyesha kuwa kila wauguzi wenye shahada walipoongezeka kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 tangu alazwe ulipungua kwa asilimia 7. Wapenda shahada huishia hapo. Utafiti huohuo ulionyesha pia kuwa kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano huo. Mwajiri anayedai shahada, kisha akamtupia kijana wodi nzima peke yake, amechukua nusu ya somo.

Nitoe mfano wa jambo tunalolifanya mara kwa mara. Mgonjwa anaongezewa damu. Wauguzi wawili wanahakiki jina, namba na kundi la damu kwenye mfuko na kwa mgonjwa mwenyewe, kisha mmoja anabaki naye dakika 15 za mwanzo, akiangalia joto, mapigo, upumuaji na ngozi. Mhitimu yeyote ameyasoma hayo. Lakini mgonjwa anapoanza kutetemeka na kusema mgongo unamuuma, ni mazoea yanayoupeleka mkono kwenye kuufunga mrija wa damu kabla ya kukimbilia simu. Mazoea hayo nimeona yakijengeka kwa wa stashahada na wa shahada vilevile, ilimradi pembeni yao kuna mwenzao mzoefu. Asipokuwapo, wote wawili huganda.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa waajiri na wanaopanga bajeti. Tengeni nafasi za wahitimu wapya, zenye mshahara na zenye mwaka mmoja chini ya msimamizi aliyepunguziwa wagonjwa ili apate muda wa kufundisha. Msimamizi huyo alipwe kwa kazi hiyo. Kumwongezea mwanafunzi juu ya mzigo wake wa kawaida ni kuwaumiza wote wawili. Na anayeingia na stashahada asifungiwe milele. Jimbo la New York lilipitisha sheria mwaka 2017 inayowapa wauguzi wapya wasio na shahada miaka 10 ya kuipata tangu waliposajiliwa, wakiwa kazini. Mtu anapata kazi, anahudumia wagonjwa, na elimu inafuata. Utaratibu wa namna hiyo unahitaji ratiba za zamu zinazomruhusu kuhudhuria masomo, na nyongeza ya mshahara akihitimu. Nimewaona wauguzi waliojisomesha shahada kwa taabu, kisha wakarudi kwenye daraja lilelile na malipo yaleyale. Wengi wao sasa wameacha kazi ya wodi.

Nanyi mnaokwenda kwenye usaili, msiulize mshahara peke yake. Ulizeni ni nani atakayekuwa nanyi zamu ya kwanza ya usiku, na atakuwa na wagonjwa wangapi.

Muuguzi kiongozi wa wodi