Watahiniwa wa GMAT wasikimbilie kukokotoa

Mhariri,

Sisi tunaowafundisha hisabati watahiniwa wa GMAT, mtihani wa kuombea nafasi ya shahada za uzamili za biashara, hapa Dodoma tunaomba nafasi tuzungumzie maswali ya utoshelevu wa taarifa. Yanawaangusha hata waliofaulu hisabati vizuri sekondari, kwa sababu wanakimbilia kutafuta jibu wakati kinachoulizwa ni kama jibu linaweza kupatikana.

Unapewa swali na taarifa mbili. Machaguo ni matano na hayabadiliki: A, ya kwanza pekee inatosha, B, ya pili pekee, C, zote kwa pamoja tu, D, kila moja peke yake, E, hata zikiunganishwa hazitoshi. Ya kwanza ikitosha, zimebaki A na D. Isipotosha, B, C na E. Kisha isome ya pili kana kwamba ya kwanza haijaandikwa kabisa.

Mtego mkubwa uko kwenye C. Mteja amenunua zabibu, shilingi 3,000 kwa kilo, na karanga, 5,000 kwa kilo, zote kwa kilo kamili. Zabibu ni kilo ngapi? (1) Amelipa 22,000. (2) Jumla ni kilo 6. Mtahiniwa anaona milinganyo miwili na herufi mbili, anachagua C. Amekosa. Kwa kilo kamili, 22,000 inapatikana kwa njia moja tu: zabibu 4, karanga 2. Jibu ni A. Angelipa 23,000, ya kwanza isingetosha, maana ingekuwa zabibu 6 na karanga 1, au zabibu 1 na karanga 4. Maneno "kilo kamili" ndiyo yaliyobeba swali zima, na ndiyo yanayorukwa.

Kwenye maswali ya ndiyo au hapana, "hapana" ya uhakika nayo inatosha. Ukiulizwa kama n ni shufwa, ukaambiwa n ni namba tasa kubwa kuliko 2, taarifa hiyo imetosha. Isiyotosha ni ile inayokuacha na "huenda". Na kama hujaambiwa namba ni kamili, jaribu pia sehemu, sifuri na hasi.

Tangu toleo jipya lianze Novemba 2023, maswali haya yametoka sehemu ya hesabu yakahamia ya uchambuzi wa data: maswali 20 kwa dakika 45, na kikokotoo kipo kwenye skrini. Vitabu vya zamani bado vinafaa kwa mazoezi, ila mgawanyo wake wa muda usifuatwe. Kabla ya kugusa kikokotoo, angalia kama mlinganyo ulioandika haujakuonyesha tayari kwamba jibu ni moja tu.

Walimu wa hisabati,
Dodoma