Mimi ni mwembamba, sijakonda

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, kuna jambo limenikaa moyoni tangu mwezi wa tatu, kuandikiwa hospitali nina uzito pungufu wakati huu ndo mwili wangu. Nikiliongea hapa mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, wenzangu wananiambia achana nalo, ila siwezi kuachana nalo kwa sababu najua sio mimi peke yangu, kuna wanawake na wanaume kibao wanapitia hiki kitu na wanakaa kimya.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 36, nafanya biashara ya dagaa Kibirizi hapa Kigoma. Urefu wangu ni sentimita 172 na uzito kilo 52, na kilo zangu ni hizo hizo tangu nimemaliza shule, ikizidi moja itapungua moja, ukiacha mimba na miezi michache ya 2024 ambayo nitaisimulia. Marehemu baba alikuwa mvuvi, mrefu mwembamba hivi hivi, na shangazi zangu wawili walioko Ujiji ukiwaona kwa mbali utadhani ni mimi. Ndo umbo letu.

Sasa mwezi wa tatu nilienda kituo kimoja cha afya, sitakitaja, jino lilikuwa linanisumbua. Kabla ya kumuona daktari lazima upimwe presha na uzito, nikapanda mzani, nesi binti mdogo tu akanipima na urefu, akabonyeza bonyeza simu yake kupiga hesabu ya BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, akageuka kuangalia chati ya rangi rangi iliyobandikwa ukutani, halafu akasema kwa sauti benchi zima likasikia, "Mama, BMI yako kumi na saba pointi sita, una uzito pungufu, huko nyumbani mnakula kweli?"

Mhariri, niliona aibu mpaka nikashindwa kumjibu. Watu wa kwenye foleni wengine wananifahamu, wananunua dagaa kwangu. Na mimi nakula, tena nakula vizuri, ugali wa muhogo na migebuka ya mawese nakula sahani ile ile anayokula mume wangu na yeye ana kilo 81. Nikamwambia nesi mimi ndo nilivyo tangu zamani, akasema kila mtu anasema hivo, akaandika.

Kuanzia hapo jino likasahaulika. Nikapimwa VVU, nikapelekwa kutoa makohozi ya TB, nikapima sukari, choo, na tezi ya shingo ikabidi nirudi siku nyingine nikiwa na hela. Kote hakuna kitu. Silaumu kupimwa, kupima ni vizuri na majibu yangu niliyapokea kwa amani, ila ile njia ya kutoka maabara kwenda dirishani kuchukua majibu ya VVU huku watu wananiangalia ilikuwa ndefu sana. Huku kwetu mtu mwembamba anajulikana anaumwa nini kabla hajapimwa. Wiki haijaisha mama mmoja wa pale mwaloni akaniuliza taratibu, "Mwenzangu, umeanza dozi?"

Na pamoja na majibu yote kuwa safi, karatasi yangu mpaka leo imeandikwa uzito pungufu, nikaambiwa ninywe uji wa lishe nirudi baada ya miezi mitatu nikiwa nimefika kilo 55.

Hapo ndo nikaanza kujiuliza hiki kipimo kinapima nini hasa. Hesabu yake ni rahisi, unachukua kilo zako unagawanya kwa urefu wako wa mita ukizidisha kwa urefu huo huo. Mimi 1.72 mara 1.72 ni kama 2.96, kilo 52 gawanya kwa hiyo unapata 17.6. Wamesema kuanzia 18.5 mpaka 24.9 ndo kawaida, chini ya hapo pungufu, kuanzia 25 umezidi, kuanzia 30 unene wa hatari. Kwa hiyo mimi nimekosa kama kilo mbili na robo tatu tu ili nihamie kwenye rangi ya kijani. Mtu anaweza kufikiria ni kitu kidogo. Kwa mwili ambao miaka karibu ishirini unarudi pale pale sio kidogo.

Nina mdogo wangu wa kike tunaishi naye, tunakula chungu kimoja. Yeye ni mfupi, mita 1.55, ana kilo 48, BMI yake inakuja kama 20, ni kijani. Sasa sikia hii. Walipokuja watu wa damu salama hapa mjini tulienda wote wawili kuchangia, na kule wanataka uzito usipungue kilo 50, urefu hawakuulizi. Mdogo wangu mwenye uzito wa kawaida akarudishwa, mimi mwenye uzito pungufu wakanipima wingi wa damu wakasema iko vizuri, wakatoa uniti nzima, nikanywa soda yangu nikarudi kazini. Na sio mara moja, wanawake tunaruhusiwa kila baada ya miezi minne na mimi nimeshachangia mara tano. Mwili huu huu ambao ukutani kwao hautoshi.

Huyo mdogo wangu yuko chuo, akanitafutia kwenye simu hii hesabu ilitoka wapi. Iliwazwa na Mbelgiji mmoja anaitwa Adolphe Quetelet, miaka ya 1830 huko, na hakuwa daktari, alikuwa mtu wa hesabu na nyota, alikuwa anatafuta mtu wa wastani yukoje. Jina la BMI lenyewe limekuja 1972, akalitoa Mmarekani Ancel Keys, na yeye alipima wanaume zaidi ya 7,000 wa nchi tano, wanawake hawakuwepo, na alikuwa anasema ni kipimo cha kuangalia makundi ya watu, sio cha kumhukumu mtu mmoja mmoja. Halafu mwaka 2019 watafiti wa Cambridge walichukua watu wembamba wenye afya zao kama 1,600 wa Uingereza wakalinganisha vinasaba vyao na vya watu wanene, wakaona wembamba nao unarithiwa. Shangazi zangu hawajasoma huo utafiti ila wangewaambia hivo hivo.

Ila hoja yangu sio ya Wazungu, hoja yangu iko kwenye Kiswahili chetu wenyewe. Sisi tuna maneno mawili. Kuna mwembamba na kuna aliyekonda. Mwembamba ndo alivyo, aliyekonda kuna kitu kimemtokea. Mtoto mdogo wa hapa Kibirizi anajua tofauti. Ile chati haijui.

Nakonda na mimi, nimeshakonda, najua kunakuwaje. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa tusivue katikati ya mwezi wa tano mpaka katikati ya mwezi wa nane samaki wazaliane, sipingi kufungwa, samaki walikuwa wamepungua kweli, ila miezi ile mitatu mimi nilikuwa na mkopo wa kikundi na vichanja vyangu vya kuanikia dagaa viko vitupu. Silali. Nikipika nawapa watoto, mimi nasema nimeshiba. Sketi yangu ya kijivu ambayo navaa sokoni nikawa naifunga na pini pembeni, mwanzo pini moja, mwezi wa saba zikawa mbili. Siku moja nikapanda mzani wa kupimia magunia pale mwaloni, ukasoma 48. Nikashuka nikapanda tena nikidhani umeharibika. Kilo nne ndani ya miezi miwili, magoti yanatetemeka nikipanda mlima wa kurudi nyumbani. Nikaenda hospitali na homa, wakanipima, wakaandika nini? Uzito pungufu. Wakanipa dawa ya malaria nikaondoka, hakuna aliyeniuliza kama nimepungua.

Hayo maneno "uzito pungufu" nimeandikiwa 2024 nikiwa kweli naisha, na nimeandikiwa hayo hayo mwaka huu nikiwa mzima nabeba beseni la dagaa kichwani bila kusaidiwa. Karatasi zote mbili ninazo, nimeziweka pamoja kwenye bahasha.

Na kuna upande wa pili ambao unaniumiza zaidi. Nina jirani, dada mmoja mnene mchangamfu, urefu wake mita 1.60, alikuwa na kilo 78. Akaanza kupungua bila kufanya chochote, anakunywa maji usiku kucha, anaamka kukojoa mara nne mara tano. Alipofika kilo 63 akaenda kliniki kwa shida nyingine, wakampima, ikatoka 24.6, kijani kabisa, akapongezwa. Akarudi nyumbani anafurahi, akanionyesha na karatasi. Mwezi uliofuata alianguka akiwa jikoni, kumbe sukari imempanda vibaya sana. Kilo kumi na tano zimeondoka mwilini mwa mtu na chati inamuona ndo kwanza amepona. Mimi ambaye mwaka huu sijapoteza hata kilo moja ndo nikapelekwa maabara.

Sasa angalia wenzao wa TB. Ukienda na kikohozi wanakuuliza maswali manne, unakohoa, una homa, unatoka jasho usiku, umepungua uzito? Wanauliza UMEPUNGUA, hawaulizi wewe ni mwembamba. Hilo ndo swali. Linachukua nusu dakika na halihitaji mashine. Mimi nina kadi tatu za kliniki za mimba zangu, ya 2010, ya 2013 na ya 2018, zimechakaa na moja ina doa la mawese, lakini namba zinasomeka, mwanzo wa mimba kila mara nilikuwa 52 au 53. Nilizaa watoto watatu kwa kawaida, wa kwanza alikuwa na kilo 3.2. Yule nesi angeniuliza ningemletea kesho yake asubuhi.

Sisemi watupe mizani. Utepe ule wa kupima mkono wa mtoto nimeuona kwa macho yangu ukisoma nyekundu, chini ya sentimita 11 na nusu, mtoto wa mtaani kwetu alichukuliwa siku hiyo hiyo akapewa matibabu na leo anacheza mpira. Na mtu mzima mwembamba naye anaweza kuwa mgonjwa, na mama mjamzito mwembamba anahitaji kuangaliwa kwa karibu. Mpimeni. Ila baada ya kumpima muulizeni huko nyuma ulikuwa na kilo ngapi, unakulaje, nguo zinakutoshaje, kwenu wakoje, na muulizeni kwa sauti ya chini mkiwa wawili, sio mbele ya benchi.

Kwa sababu mkishatangaza, mtu anaenda kutafuta hizo kilo popote. Hili naomba lichapishwe hata kama barua yangu mtaikata. Wasichana wengi wa hapa wakiitwa kimbaombao wanaenda kununua vidonge vya kunenepa, wenyewe wanaita deksa, vinauzwa bila cheti. Ni deksamethasoni, ni dawa kali ya kutibu magonjwa makubwa kwa usimamizi wa daktari. Uso unavimba mashavu yanajaa watu wanasema umependeza, huku ndani sukari inapanda, mifupa inadhoofika, kinga inashuka, na ukiacha ghafla mwili unaweza kuishiwa nguvu kabisa maana umeshazoea kuletewa. Mimi mwenyewe mwezi wa nne niliwekewa viganjani, vidonge kumi kwenye kikaratasi cha gazeti, na mtu ambaye ananipenda kabisa, aliniambia tumia ufike hizo 55 wakuache. Nilivishika siku mbili. Nikavirudisha.

Binti yangu wa kwanza ana miaka 14, amerefuka sana na ni mwembamba kuliko nilivyokuwa mimi. Shuleni walipopimwa alirudi analia, kuna mwalimu alimwambia mbele ya darasa amwambie mama amlishe. Nikamnunulia daftari dogo la kurasa 40. Kila baada ya miezi mitatu tunapanda mzani wa duka la dawa hapa Mwanga, tunaandika tarehe, kilo na urefu, yeye ndo anaandika kwa mkono wake. Januari 38, Aprili 39 na nusu. Umri wake una chati yake tofauti na ya watu wazima, hilo nimelijua juzi tu. Daftari linakaa kwenye bahasha pamoja na kadi zangu, na siku nikimpeleka hospitali nitalifungua mezani kwa nesi kabla mtoto hajavua viatu kupanda mzani.

Mama wa dagaa,
Kibirizi, Kigoma