Gwakisa, kuhusu hedseti na maiki

Uyole, Mbeya

Ndugu yangu Gwakisa,

Salamu nyingi kutoka Uyole. Huku tu wazima, ila baridi imekaza na majaketi hayavuliwi hata ndani. Barua yako nimeipata. Umeniuliza kama ununue hedseti ya gemu iliyokamilika, yenye maiki yake inayochomoza shavuni, au uchukue hedifoni za muziki na kutafuta maiki pembeni. Kabla sijakutajia kitu chochote, inua macho uangalie paa. Chumba chenu ni mabati matupu bila siling bodi, na mvua ya Tukuyu unaijua. Paa hilo ndilo litakaloamua ununue nini.

Maiki huchukua sauti yako na kelele za mvua kwa pamoja, na kinachokuokoa ni umbali. Kila ukipunguza kwa nusu umbali kati ya mdomo na maiki, sauti yako hupanda kwa desibeli 6 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kelele za mvua hubaki palepale kwa sababu zinatoka kila upande wa chumba. Sasa piga hesabu. Maiki ya kusimamisha mezani mara nyingi hukaa kama sentimita 40 kutoka mdomoni. Ukiisogeza hadi sentimita 5, umepunguza nusu mara tatu, yaani umepata desibeli 18. Hiyo ndiyo tofauti kati ya wenzako kusikia "nyuma yako!" na kusikia mabati tu. Kwa hiyo zile maiki za kondensa za mezani, zinazonasa hata kelele ndogo na kupendeza kwenye video, usizifikirie kwa chumba hicho. Ni nzuri, lakini zinataka chumba kilichotulia, chenye mapazia na mazulia. Kwako zitaleta mvua, kibodi na mdogo wako akikohoa.

Zinabaki njia mbili. Ya kwanza ni hedseti yenye mkono wa maiki. Ya pili ni hedifoni zenye waya unaochomoka, kisha unaongeza maiki ndogo inayoshikamana na hedifoni na kufika karibu na mdomo. Zipo za namna mbili. ModMic hubandikwa kwa sumaku ubavuni mwa hedifoni na ina waya wake. BoomPro ya V-Moda huchukua nafasi ya waya wa hedifoni kabisa, ila inahitaji hedifoni zenye tundu la milimita 3.5. Hapo watu wengi hupotea: ATH-M40x na M50x za Audio-Technica waya wake unachomoka, lakini tundu lake ni la milimita 2.5 lenye kufuli la kuzungusha, kwa hiyo BoomPro haiingii. Pima kwanza, halafu toa hela.

Mimi naipenda njia ya pili, na sababu yangu ni uimara. Kinachokufa kwanza kwenye hedseti ni waya, hasa pale unapotokea kwenye pini na pale unapoingia kwenye kikombe cha sikio. Kwenye hedseti nyingi za bei ndogo waya hauchomoki, kwa hiyo ukikatika ndani unabaki na kazi ya fundi. Vitu vikiwa mbalimbali, kimoja kinakufa kingine kinaendelea. Lakini kama hela ni ya kitu kimoja tu kwa sasa, chukua hedseti yenye maiki inayochomoka na waya unaochomoka, wala hutajuta. HyperX Cloud Alpha, kwa mfano, maiki yake inachomoka na waya wake pia.

Sasa pini, maana hapa ndipo usumbufu mwingi ulipo. Chukua pini ya hedseti uitazame kwa karibu, uhesabu mistari myeusi. Mistari miwili maana yake sehemu tatu: kushoto, kulia na ardhi (njia ya umeme kurudi), hakuna maiki. Mistari mitatu maana yake sehemu nne, na maiki imo. Kompyuta yako ya mezani ina matundu mawili, la kijani la kusikilizia na la pinki la maiki. Ukichomeka pini ya sehemu nne kwenye la kijani utasikia vizuri lakini hutasikika. Unahitaji waya mfupi wa kugawanya, upande mmoja una tundu moja na upande wa pili una pini mbili. Kidhibiti cha PS4 au PS5 ni kinyume chake: kina tundu moja la sehemu nne, kwa hiyo ModMic yenye pini yake peke yake itahitaji waya wa kuunganisha, matundu mawili yaishie pini moja. Nyaya hizi mbili zinafanana sana, na muuzaji anaweza kukupa mojawapo tu bila kuuliza. Mwambie unachomeka nini wapi.

Kuna dalili moja uikumbuke. Ukisikia muziki lakini sauti ya mwimbaji imefifia kama imezama, ilhali vyombo vya pembeni vinasikika, basi ardhi haijashika. Ama pini haijaingia hadi mwisho, ama waya wa ardhi umekatika, ama hedseti imetengenezwa kwa mpangilio wa zamani ambamo ardhi na maiki zimebadilishana nafasi. Bonyeza na ushikilie kitufe cha maiki kwenye waya: sauti ikirudi sawa, shida ni huo mpangilio, na adapta ndogo inaumaliza. Ikiwa ni waya, fundi simu yeyote mwenye mkono mzuri pale Mwanjelwa au hapo kwenu ataubadilisha. Mkumbushe tu kwamba nyuzi za ndani zimepakwa vanishi ya rangi. Lazima aichome kwa ncha ya moto hadi shaba ing'ae, la sivyo risasi ya kulehemu haishiki, na kesho mnaanza upya.

Za Bluetooth usichukue kwa kazi hii. Ukisikiliza tu ziko safi, ila maiki ikiwashwa vifaa vingi huhamia kwenye njia ya simu: sauti inakuwa ya upande mmoja na nyembamba, kama unaongea na mtu wa benki. Juu ya hapo sauti huchelewa, mara nyingi zaidi ya milisekunde 100, na kwenye gemu za risasi huo ni muda wa kufa. Kama hutaki waya kabisa, tafuta zinazokuja na kidude chake cha USB cha mawimbi ya 2.4 GHz.

Hedifoni za wazi nyuma zina sauti pana na nyayo za adui zinapambanuka vizuri, ila zinavuja kotekote. Mdogo wako hatalala, na mvua itaingia masikioni mwako. Chukua za kufungwa. Ohm zake, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, ziwe kati ya 16 na 64, kompyuta itazisukuma bila taabu. Hedifoni ya Beyerdynamic, DT 770 Pro, inatoka ya ohm 32, ya 80 na ya 250. Ile ya 250 ukiona inauzwa rahisi iache, bila amplifaya sauti yake itakuwa ndogo. Maandishi ya "7.1", yaani sauti ya kukuzunguka pande zote, yapuuze, kwani ndani mara nyingi huwa ni spika mbili tu na kilichobaki ni programu, na Windows tayari ina Windows Sonic ya bure. Ila gemu ikiwa na mpangilio wake wa hedifoni, washa mmoja tu. Ikiwaka yote miwili, mwelekeo unavurugika.

Dukani usinunue kwa macho. Chomeka kwenye simu, jirekodi ukiongea kawaida huku ukitikisa waya karibu na pini, kisha sikiliza. Ikikwaruza, rudisha. Hakikisha kushoto ni kushoto. Vaa na miwani yako dakika kumi, kwani kinachobana kidogo sasa kitauma baada ya saa moja. Ukiagiza Kariakoo, mtu wako ajaribu hivyohivyo kabla mzigo haujapanda basi.

Ukishafika nyumbani, weka maiki pembeni ya mdomo, vidole viwili au vitatu kutoka kwenye kona ya midomo. Isikae mbele, maana pumzi za "p" na "b" zitapiga puu. Sponji yake usiivue. Kwenye Windows usikimbilie kuongeza nguvu ya maiki hadi desibeli 30, utaongeza na mchakacho. Ukisikia mlio wa "nzzz", kama ni laptopu chomoa chaja. Mlio ukinyamaza, tatizo ni umeme na ardhi yake, na kadi ndogo ya sauti ya USB, kidude cha nje unachochomekea hedseti, inaweza kusaidia. Kile kichujio cha kelele cha Discord, programu ya kuongea na wenzako kwenye gemu, kitapunguza mvua, ila mvua ikiwa kubwa kitatafuna na maneno yako, kwa hiyo anza na umbali.

Nipigie picha nyuma ya kompyuta yako, na pini ya kitu chochote utakachokiona dukani, uvitume kabla hujalipa. Nitakujibu siku hiyohiyo.

Wasalimie wote nyumbani, na mama mwambie ndaga fijo, asante sana, kwa ndizi.

Wako,
Tuntufye