Kikao cha kesi ngumu kimehamia Jumamosi

Habari za jioni, madaktari na wauguzi wenzangu.

Kikao hakitakuwa Ijumaa tena, ni Jumamosi saa 4 asubuhi, ukumbi uleule wa Upanga.

Tutaanza na mgonjwa aliyeishiwa nguvu miguuni huku mkojo umeziba. Tafadhali tusikimbilie tezi dume tu: mayai ya kichocho huweza kufika hadi kwenye uti wa mgongo, na matibabu yakichelewa mtu anaweza asitembee tena. Ndiyo maana nawaomba sana watu wa neva na wa mkojo mje wote.

1. Mchango wa chai: sh. 5,000 kwa mweka hazina.
2. Mwenye picha za MRI afute kwanza jina la mgonjwa.

Jibuni "Nipo" au "Sipo" kabla ya Alhamisi saa 2 usiku. Asanteni.