Shangazi aliomba kufa saa nane usiku

Mhariri,

Nimemsoma yule msomaji wenu anayetaka Kenya iruhusu daktari amsaidie mgonjwa asiyepona kujitoa uhai, ati mbona Uholanzi wanafanya tangu 2002 na jimbo la Oregon kule Marekani tangu 1997. Simlaumu. Manake ombi hilo nimelisikia kwa masikio yangu.

Shangazi yangu alikuwa na kansa ya shingo ya uzazi tukimuuguza nyumbani Likoni. Jumapili moja saa nane usiku akanishika mkono, "Mwanangu nipe kitu nilale nisiamke." Mofini, ile dawa kali ya kutuliza maumivu, ilikuwa imetuishia Ijumaa, tulipoenda kuchukua ingine tukaambiwa stoo imefungwa rudini Jumatatu. Jumatatu nikavuka feri mapema nikarudi na kachupa kangu, dawa yenyewe chungu kama shubiri, nikawa nampimia kwa sirinji kila masaa manne. Jumatano akaniuliza mbona siku hizi simletei viazi karai! Akaishi wiki tisa zingine na la kufa hakulitaja tena.

Sasa niambieni, nimsikilize shangazi wa Jumapili ama wa Jumatano?

Oregon lazima madaktari wawili wakubali umebakisha miezi sita ama chini yake, na dawa uinywe kwa mkono wako. Sisi huyo daktari mmoja tu kumuona ni kudamka alfajiri upange foleni, wa pili tutamtoa wapi? Na mgonjwa wa kwetu akishaona ploti inauzwa kwa ajili yake ataomba kufa kwa kuwahurumia watoto, hapo utajuaje ni hiari yake.

Masheikh na mapadri washasema yao, siingii huko. Hata sheria iko wazi, kifungu cha 225 cha kanuni ya adhabu ukimsaidia mtu kujiua ni jela maisha.

Kuna watakaosema si maumivu peke yake, na ni kweli, hata huko Oregon wengi husema kinachowashinda ni kutojiweza. Shangazi naye alikuwa akigeuza uso ukutani nikimbadilisha pampas, mimi mtoto wa kiume. Kwa hilo sina jibu.

Lakini Uganda hapo jirani wauguzi waliosomea kutuliza maumivu ya wagonjwa wasiopona wanaruhusiwa kumwandikia mgonjwa mofini tangu 2004. Huyo msomaji akiandika tena atuulizie, wikendi funguo za stoo huwa anazo nani?

Mpwa wa marehemu,
Likoni, Mombasa