Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kusanifu Kifaa kwa Kuanzia na Siku Mbaya

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka. Hesabu za fedha zimo katika taarifa ya mhazini, na mambo ya uanachama yamo kwa katibu, sitayarudia. Nitazungumzia kazi moja iliyobeba sehemu kubwa ya mwaka: kuandika upya mwongozo wetu wa usanifu wa vifaa vya mkononi na vihisi vinavyofungwa mahali kisha vikaachwa vijiendeshe.

Rasimu iliyo mbele yenu ina msimamo mmoja. Mwongozo wa zamani ulianza na kifaa kikiwa kizima, mtandao upo na betri imejaa, halafu ukaongeza sura ya mwisho kuhusu hitilafu. Rasimu mpya imeugeuza mpangilio huo. Bajeti ya umeme, ukubwa wa hifadhi na kanuni za mawasiliano vyote vinaanza kuhesabiwa kwa siku ambayo mtandao umekatika, kwa sababu siku hiyo ndiyo inayomaliza betri.

Umeme

Chukueni kihisi chenye betri ya kidonge aina ya CR2032, yenye uwezo wa takriban miliampea-saa 220. Kikilala kinavuta mikroampea 5. Kila dakika 10 kinaamka kwa milisekunde 100 na kuvuta miliampea 15 ili kupima na kutuma. Kuamka huko, kukisambazwa juu ya sekunde 600, ni wastani wa mikroampea 2.5. Jumla ni 7.5, na betri itadumu zaidi ya miaka mitatu. Hesabu ya namna hii hupatikana katika karibu kila pendekezo la mradi, na ni sahihi mradi kila pakiti (kifurushi cha data) ipokewe mara ya kwanza.

Sasa kituo cha kupokea kizimwe. Kifaa kinarudia kutuma, kinasikiliza jibu, kinarudia tena, na kuamka kwa milisekunde 100 kunakuwa sekunde 2. Wastani wa kuamka unapanda hadi mikroampea 50, jumla 55, na betri ileile inakwisha kwa takriban siku 167. Hakuna kilichoharibika ndani ya kifaa. Kimefanya alichoagiza mtengenezaji. Ndiyo maana rasimu inataka kila bajeti iwe na mistari miwili, wa siku njema na wa siku mbaya, na muda wa betri utakaotangazwa kwa mteja uzingatie mstari wa pili kwa kiasi cha siku ambazo mtandao wa mahali pale hukatika.

Wanaodhani tunatia chumvi wakumbuke alichokitazamia Mark Weiser wa maabara ya utafiti ya Xerox PARC, aliyeanza kuzungumzia kompyuta zilizoenea kila mahali mwaka 1988: mamia ya kompyuta katika chumba kimoja, zinazofanya kazi bila mtu kuzitambua. Tuseme ni 100 tu, na kila moja ina betri ya miaka mitatu. Mtu atabadilisha betri mara 33 kwa mwaka, yaani kila baada ya siku 11. Betri ikiwa ya siku 167, atabadilisha moja kila baada ya saa 40. Vigumu kuviita vifaa hivyo visivyotambulika.

Uvujaji wa umeme wakati wa usingizi umepewa sura yake, maana hapo ndipo wasanifu wengi huangukia. Rezista (kipinga mkondo) ya kiloomu 10 inayovuta pini ya chipu kuelekea volti 3, pini hiyo ikiachwa kwenye volti sifuri wakati wa kulala, hupitisha mikroampea 300. Huo ni mara 40 ya bajeti nzima tuliyoiona, nao unamaliza betri kwa mwezi mmoja. Jozi ya rezista za kiloomu 10 za kupimia volti ya betri hupitisha mikroampea 150 usiku na mchana. Tumieni megaomu 1 kila moja, pamoja na kapasita (kihifadhi chaji) ya nanofaradi 100 kwenye kiungo cha katikati ili kipimo kisiyumbe. Mkondo unashuka hadi mikroampea 1.5.

Kuna pia upinzani wa ndani wa betri ya kidonge, unaopanda betri ikizeeka na ikipata baridi. Ukifika omu 60, msukumo wa miliampea 15 unaangusha volti 0.9. Betri inayosoma 2.8 ikiwa imetulia inashuka hadi 1.9 redio inapowaka, chipu inajizima na kuwaka upya, na ikishawaka jambo la kwanza inalofanya ni kuutafuta mtandao kwa redio hiyohiyo. Kifaa kinaingia katika mzunguko wa kuwaka na kuzima hadi betri ife kabisa, na huku ukiipima mezani unaiona bado nzima. Dawa ni tatu, na zote zinahitajika: kapasita ya mikrofaradi 100 karibu na redio kwa misukumo ya milisekunde chache, kutowasha kihisi na redio kwa wakati mmoja, na kupima volti redio ikiwa inatuma, si kabla. Angalieni kapasita yenyewe pia. Za elektroliti huvuja, na uvujaji wake lazima uingie kwenye hesabu ya usingizi. Za kauri huvuja kidogo, lakini hupoteza sehemu ya uwezo wake zikiwa chini ya volti.

Kuhusu vipimo: multimita ya kawaida ikiwa kwenye kipimo cha mikroampea huweka rezista ndani ya njia ya umeme. Ikiwa ni ya omu 100, kifaa kikiamka na kuvuta miliampea 15 kinapoteza volti 1.5 na kuzimika, na mpimaji huilaumu programu bure. Pimeni kuamka kwa rezista ya omu 10 na osiloskopu (kifaa kinachochora volti inavyobadilika), mtaona milivolti 150. Usingizi upimwe peke yake, kwani mikroampea 5 juu ya omu 10 ni mikrovolti 50 tu, na osiloskopu haitawaonyesha kitu.

Mahali ni gharama nyingine. Kipokezi cha GPS kinachoanza bila kumbukumbu huhitaji sekunde 30 hivi kupata taarifa za mizunguko ya setilaiti, kwa kuwa zinatumwa kwa biti 50 tu kwa sekunde. Kikivuta miliampea 25, kila saa mara moja, ni miliampea-saa 5 kwa siku. Kipima mwendo cha mikroampea chache kiulizwe kwanza kama kifaa kimesogea. Kama hakijasogea, hakuna sababu ya kuiamsha GPS.

Data iliyokwama

Mtandao ukikatika, vipimo visubiri mahali. Kipimo cha baiti 16 kila dakika 10 ni vipimo 144, yaani baiti 2,304 kwa siku. Hifadhi ya kilobaiti 64 inabeba siku 28. Hiyo ni sehemu rahisi. Ngumu ni kuamua kitupwe nini ikijaa, na uamuzi huo usiachiwe maktaba ya programu iliyopakuliwa. Vipimo vya joto vinaweza kupunguzwa, kwa kubakiza kimoja kati ya vinne vya zamani; tahadhari ya moto haipunguzwi. Mtandao ukirudi, tangulizeni kipya zaidi kisha mrudi nyuma. Mtu anayetazama skrini anataka hali ya sasa kwanza.

Hifadhi ya flashi huchakaa, na kwa aina nyingi kikomo cha kufuta sekta moja ni takriban mara 100,000. Msanifu anayeandika alama ya "nimefikia hapa" kwenye sekta ileile kwa kila kipimo anaifuta mara 144 kwa siku, na kikomo kinafika kwa siku 694. Kifaa kilichouzwa kwa ahadi ya miaka kumi kinakufa kabla ya miaka miwili, na betri bado ipo. Andikeni kwa mfululizo, sekta baada ya sekta, kisha mzunguke. Kifaa kikiwaka upya kitafute namba kubwa zaidi ya mfuatano na kuendelea kutoka hapo.

Namba hiyo ya mfuatano ina kazi nyingine. Katika MQTT, kanuni ya vifaa kutumiana ujumbe, daraja la 1 la uhakika linaahidi ujumbe utafika angalau mara moja, kwa hiyo unaweza kufika mara mbili. Daraja la 2 linazuia marudio kwa pakiti nne kwa kila ujumbe, na redio hulipia zote. Kamati inapendekeza daraja la 1, na kila kipimo kiwe na kitambulisho cha kifaa na namba yake ili seva iyatupe marudio. Ni nafuu kuipa seva kazi hiyo kuliko kumpa anayeishi kwa betri ya kidonge.

Kurudi kwa mtandao kuna hatari yake. Umeme wa jengo ukirejea, vifaa vyote vinaita seva ndani ya sekunde ileile. Seva inalemewa, inakata, navyo vinarudia pamoja tena. Subira iongezeke maradufu kwa kila jaribio, sekunde 1, 2, 4, 8, hadi kikomo cha dakika 15, na kila kifaa kichague muda wa bahati nasibu ndani ya kikomo cha zamu hiyo. Bila bahati nasibu, kuongeza maradufu kunaahirisha msongamano tu.

Kwa wanaoandika programu za simu: tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu iliyotulia huzuia kazi za nyuma na kuziachia kwa vipindi. WorkManager, maktaba ya Android ya kupanga kazi hizo, haikubali kazi ya kurudia chini ya dakika 15, na hata hizo dakika 15 si ahadi ya saa kamili. Unganisheni mizigo midogo itumwe pamoja, kwani redio ya mtandao wa simu hubaki macho kwa sekunde kadhaa baada ya kila mawasiliano, hata kama kilichotumwa ni baiti kumi.

Saa

Kristali ya saa ya kilohezi 32.768 yenye kosa la sehemu 20 kwa milioni hupotea sekunde 1.7 kwa siku, dakika kumi na nusu kwa mwaka. Joto likitofautiana na nyuzi 25 kwa nyuzi 20, kristali hupunguza mwendo kwa takriban sehemu 14 zaidi. Kwa hiyo kanuni ya "aliyeandika mwisho ndiye sahihi" haifai pale vifaa viwili vinapohariri rekodi moja bila mtandao, maana mwenye saa inayokimbia atashinda daima. Hesabu ya matoleo, kila kifaa na yake, inaonyesha kama mabadiliko yamefuatana au yamegongana, na yakigongana binadamu aulizwe.

Mtego mmoja umesisitizwa kwa herufi nzito katika rasimu. Kifaa kilichopoteza umeme huamka kikidhani ni tarehe 1 Januari 1970. Kinajaribu kuunganika kwa njia salama, kinakikagua cheti cha seva, kinaona cheti hicho hakijaanza kutumika, na kinakataa. Hakiwezi kuunganika kwa sababu hakijui saa, na hakiwezi kuijua saa kwa sababu hakijaunganika. Saa ianzie tarehe programu ilipotengenezwa, isirudi nyuma ya hapo kamwe, kisha isahihishwe kabla ya kukagua cheti.

Masasisho na usalama

Kila kifaa kiwe na nafasi mbili za programu. Toleo jipya liandikwe katika nafasi isiyotumika, sahihi yake ya kidijitali ikaguliwe, kifaa kiwake nalo kwa majaribio, na lithibitishwe tu baada ya kuzungumza na seva. Likishindwa, kipima-muda cha ulinzi kikiwashe upya kwa toleo la zamani. Kutosheka na "limewaka" hakutoshi: toleo linalowaka vizuri huku redio imekufa ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa hakuna njia ya kulifikia tena.

Njia ya kupitishia sasisho ihesabiwe mapema. Katika LoRaWAN (mtandao wa redio wa masafa marefu na umeme kidogo) ya megahezi 868, kwa kasi ya chini kabisa, pakiti moja hubeba baiti 51 na kukaa hewani takriban sekunde 2.8. Kilobaiti 100 ni pakiti zaidi ya 2,000. Pale kikomo cha matumizi ya hewa kikiwa asilimia 1 ya muda, kazi hiyo ni zaidi ya siku sita bila hata pakiti moja kupotea. Tumeni tofauti kati ya matoleo mawili, au mkubali kwamba fundi atavifuata vifaa kwa miguu.

Kwa usalama nitakuwa mfupi. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka vifaa vingi vya majumbani kwa kujaribu tu orodha fupi ya nywila za kiwandani, na kiwango cha usalama cha shirika la viwango la Ulaya, ETSI EN 303 645, cha mwaka 2020 kinakataza nywila moja kwa vifaa vyote. Rasimu inafuata hapo. Pia anwani za Bluetooth zibadilike, kwa kawaida kila dakika 15. Kifaa cha mkononi chenye anwani isiyobadilika humtangazia kila mwenye kipokezi nani ameingia na nani ametoka.

Yanayosubiri kura

Kifungu kimoja hakikupata muafaka katika kamati: je, nafasi mbili za programu ziwe lazima hata kwa chipu ndogo zisizo na kumbukumbu ya kutosha? Pendekezo la wengi ni kuziruhusu kwa sharti kwamba zibaki na programu ndogo ya kuanzishia, isiyosasishwa kwa hewa, inayoweza kupokea toleo zima upya. Wachache wanasema sharti hilo halimsaidii mwenye kihisi kilichozikwa ndani ya zege. Vifungu vingine vyote vitapigiwa kura kwa pamoja. Marekebisho yamfikie katibu kwa maandishi kabla ya mkutano, kila moja likitaja namba ya kifungu na kuambatishwa na hesabu ya umeme au ya muda wa hewani, kwa siku njema na kwa siku mbaya.

Mwenyekiti