Barua ya kufunga muhula: watu tunaowakabidhi watoto wenu

Kwa Wazazi na Walezi wote,

Yah: Kufunga muhula, na upekuzi wa wafanyakazi wanaohudumia watoto

Tunafunga shule salama. Ripoti za maendeleo ziko kwenye mabegi ya watoto. Walimu wa madarasa wameandika maoni kwa kirefu, kwa hiyo naomba msiishie kwenye alama. Vitabu vya maktaba virudishwe siku ya kufungua. Mengine ya kawaida yamo kwenye kalenda iliyoambatishwa, maana barua hii nimeitengea swali ambalo wengi wenu mmeniuliza muhula mzima: watu wanaokaa na watoto wetu hapa shuleni, mnawajuaje?

Mna haki ya kuuliza. Mzazi wa chekechea anamkabidhi mwanawe kila asubuhi kwa mtu ambaye pengine hajui hata jina lake la pili, na mtu huyo ndiye atakayembadilisha nguo, kumpeleka chooni na kumlaza mchana. Mtoto wa miaka 2 akidhuriwa hana maneno ya kusimulia. Ndiyo maana sisi wakubwa hatuna budi kumchunguza mtu kabla hajakabidhiwa mtoto.

Muhula huu tumewapekua upya wafanyakazi wote: walimu, wasaidizi wa chekechea, walezi wa bweni, wapishi, madereva na walinzi, wapya kwa wakongwe. Faili langu mimi limekaguliwa na mwenyekiti wa bodi.

Watu wengi wakisikia upekuzi hufikiria cheti cha polisi cha tabia njema. Tunakidai, na tunataka kitokane na alama za vidole, kwa sababu mtu anaweza kubadili jina lakini vidole ni vile vile. Aliyewahi kuishi nchi nyingine alete na cha huko. Hata hivyo, cheti kinajibu swali dogo sana. Kinasema kwamba, hadi siku kilipotolewa, mtu huyu hakukutwa kwenye kumbukumbu za makosa. Aliyelalamikiwa mara kadhaa bila kesi kufika mahakamani anaweza kuwa na cheti safi. Aliyeondolewa kazini kimyakimya ili jina la taasisi lisichafuke anaweza kuwa nacho pia.

Mwaka 2002, katika mji mdogo wa Soham nchini Uingereza, wasichana wawili wa miaka 10 waliuawa na mtu aliyekuwa mtunza majengo wa shule ya sekondari. Ilikuja kujulikana kwamba miaka ya nyuma, akiwa eneo jingine, polisi walikuwa wamepokea tuhuma kadhaa dhidi yake zilizohusu wasichana na wanawake. Hakuna iliyoishia kwa hukumu, na taarifa hazikutunzwa wala kupashanwa ipasavyo. Alipoomba kazi ile alitumia jina jingine la ukoo, na upekuzi uliofanywa kwa jina hilo haukuonyesha kitu. Tume iliyochunguza mkasa huo ilitoa ripoti mwaka 2004, na mfumo mzima wa upekuzi wa nchi ile ukasukwa upya. Mtu huyo hakuwa mwalimu. Hakuwa na darasa hata moja. Mzazi akiniuliza kwa nini tunamsumbua mlinzi wa getini kwa fomu zile zile anazojaza mwalimu, namkumbusha mkasa huo.

Kwa hiyo tunakwenda mbali zaidi ya cheti. Mwombaji anataja majina yote aliyowahi kutumia na kuleta vitambulisho halisi, si nakala. Anaorodhesha kazi zake tangu alipoanza kufanya kazi, na pale penye pengo la miezi au mwaka tunamwuliza alikuwa wapi. Pengo si kosa. Watu huugua, huuguza, hulea watoto wao. Tunachotaka ni maelezo yanayoweza kuthibitishwa. Barua ya sifa iliyoandikwa kwa yeyote atakayehusika hatuitegemei. Tunampigia wenyewe mkuu wa kazi wa mwisho, kwa namba tuliyoitafuta sisi wala si ile iliyoandikwa kwenye wasifu, na tunamwuliza: ungekubali mtu huyu akae tena na watoto? Wapo waombaji waliokataa tusiwasiliane na mwajiri wao wa mwisho. Hatukuendelea nao, hata pale tulipokuwa na upungufu mkubwa wa watu, na msimamo huo hautabadilika nikiwa hapa.

Naomba pia muwatendee haki wafanyakazi wetu. Watu wawili wanaweza kuwa na jina moja, na kumbukumbu ikamwangukia asiyehusika. Ndiyo sababu jambo likijitokeza tunamwita mhusika, tunamwonyesha na kumpa nafasi ya kujieleza kabla ya uamuzi wowote. Kosa la ujana lisilohusu ukatili, watoto wala wizi, lililopita miaka mingi, halimfungii mtu mlango. Kosa lolote dhidi ya mtoto linamfungia, bila mjadala. Taarifa zote zinafungiwa kabatini na husomwa na watu wawili tu. Tafadhali msiniombe kujua fulani ameonekana na nini. Nikianza kujibu maswali ya namna hiyo, hakuna atakayetuambia ukweli tena.

Upekuzi unazeeka pia. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2014, wafanyakazi wa vituo vya kulelea watoto vinavyohusika na ruzuku ya serikali kuu hupekuliwa upya angalau kila baada ya miaka 5. Sisi tumeamua iwe kila baada ya miaka 3.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 3, unataka taasisi zinazolea watoto zifuate viwango katika usalama, afya, idadi ya wafanyakazi na kufaa kwao, na vile vile usimamizi. Hilo la usimamizi nalisisitiza, kwa sababu watu wengi wanaowadhuru watoto hawajawahi kuhukumiwa popote. Mwaka 2009, mjini Plymouth, Uingereza, mfanyakazi wa kituo cha watoto wadogo alikutwa na hatia ya kuwadhulumu na kuwapiga picha kwa simu yake. Alikuwa mwanamke, na hakuwa na rekodi ya uhalifu. Upekuzi peke yake usingemnasa.

Kwa hiyo hapa simu za wafanyakazi hubaki ofisini saa zote za chekechea. Milango ya vyumba vya kulala mchana ina vioo. Mtoto hapandi gari la mfanyakazi akiwa peke yake, na hakuna mtu mzima anayeingia bwenini usiku bila mwenzake. Mfanyakazi akiona mwenzake anavunja kanuni hizi, ni wajibu wake kutoa taarifa siku hiyo hiyo.

Sasa linalowagusa ninyi moja kwa moja. Kuanzia muhula ujao, mzazi yeyote anayejitolea kusindikiza safari, kufundisha michezo au kusaidia darasani atapekuliwa kama mfanyakazi. Najua baadhi yenu mmeumia, hasa mliojitolea miaka mingi bila malipo. Nawaheshimu na ninawahitaji. Lakini mtoto aliye safarini haoni tofauti kati ya mwalimu na baba wa mwenzake. Wote ni watu wazima ambao shule imemwambia awatii. Siwezi kumwambia amtii mtu ambaye sijamchunguza.

Likizo hii wengi mtatafuta mwalimu wa masomo ya ziada au msichana wa kukaa na watoto nyumbani. Mwombeni kitambulisho halisi, na mpigieni mtu aliyemwajiri kabla yenu, hata kama ameletwa na jirani mnayemwamini. Jirani naye mwulizeni: unamfahamu, au umesikia tu habari zake?

Mtoto akisema jambo linalowatia shaka kuhusu mtu yeyote wa shule hii, msimhoji mara nyingi. Msikilizeni, andikeni maneno yake kama alivyoyasema, kisha mje kwangu au kwa mwalimu wa malezi, likizo au si likizo. Kama shaka ni juu yangu, nendeni kwa mwenyekiti wa bodi. Kama mtoto yuko hatarini, anzeni polisi.

Fomu za wazazi wanaojitolea zimo ndani ya bahasha hii. Zirudishwe zikiwa zimejazwa siku ya kufungua shule, pamoja na kitambulisho halisi, ambacho mtarudishiwa papo hapo.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu